Samaki Wanapokosa Pumzi, Nani Aulizwe?

Nilikuwa nyumbani Isiolo hivi majuzi, mji ulio mbali na bahari kiasi kwamba mtu aweza kuzaliwa, akaoa na akajukuu asiwahi kuonja maji ya chumvi. Nilikuwa nimeketi mkahawani karibu na soko, nikinywa chai ya maziwa ya ngamia na kumweleza mwenzangu habari moja iliyokuwa gazetini kwamba bahari za ulimwengu zinapungukiwa na oksijeni. Mzee mmoja mfugaji aliyekuwa meza ya pili, ambaye nilidhani hatusikilizi, alitugeukia. "Mwalimu," akauliza, "kwani maji nayo hupumua?" Kabla sijajibu akatia la pili: "Na hata yakikosa pumzi, sisi wa huku yatuhusu nini?"

Swali la kwanza mzee alilijibu mwenyewe. Nilipomwuliza silanga huwaje mwishoni mwa kiangazi, alinieleza kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata katika kitabu chochote cha sayansi. Maji hupungua, yakapata joto, yakatulia. Kwanyo za ng'ombe na mbuzi hukoroga kinyesi kikaingia ndani. Baada ya siku kadhaa maji hugeuka kijani, kisha kijani hicho hufa na kuzama, na maji huanza kunuka. Wakati huo viumbe vyote vilivyomo humo hupanda juu kutweta. Mzee alisema maji ya namna hiyo wao huyaita maji yaliyokufa. Nami nikamwambia kwamba wataalamu wa bahari nao, baada ya kusoma miaka mingi na kutumia vyombo vya thamani kubwa, wameishia kwenye neno hilo hilo: wanayaita maeneo mfu.

Hebu tufafanue kidogo, maana neno "hewa" ambalo magazeti yetu hulitumia hapa linapotosha. Samaki hapumui mapovu. Hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini kama sukari inavyoyeyuka kwenye chai, isipokuwa mambo hapa huenda kinyume: chai ya moto huyeyusha sukari zaidi, ilhali maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Lita moja ya maji matamu yanayokaribia kuganda huweza kubeba miligramu 14 na ushei za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 za Selsiasi, hubeba chini ya miligramu 8, na yakiwa ya chumvi hupungua tena. Zikishuka hadi miligramu 2 kwa lita, viumbe vingi vinavyoweza kukimbia hukimbia, na visivyoweza, kama vile kombe na minyoo ya mchangani, hufa vilipo. Hivyo ndivyo bahari inavyoathiriwa na ongezeko la joto duniani hata pale ambapo hakuna mtu aliyemwaga chochote. Maji yanaposhika joto huwa mepesi pia, yakakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, yakazuia yale ya chini yasipande kuvuta oksijeni mpya.

Sababu ya pili ni ile ya silanga. Mbolea ya mashambani na kinyesi cha miji vina naitrojeni na fosforasi. Vikifika majini huurutubisha mwani mdogo mdogo usioonekana kwa jicho moja moja, lakini ukishamiri huyageuza maji rangi. Mwani ukifa huzama, na bakteria wanaouozesha hutumia oksijeni yote iliyo chini. Kwa hiyo bahari hukosa pumzi kwa sababu ya shibe. Mwaka 2017 watafiti wa Kiel nchini Ujerumani walikadiria kwamba oksijeni ya bahari zote kwa jumla ilikuwa imepungua kwa takriban asilimia 2 tangu mwaka 1960. Asilimia 2 si kitu, msomaji atasema. Lakini upungufu huo haukugawanywa sawa kwa sawa. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, IUCN, lilitangaza mwishoni mwa mwaka 2019 kwamba maeneo yanayojulikana kuwa na upungufu huu yalikuwa yamefika kama 700, kutoka 45 katika miaka ya sitini. Mengi yako pwani, kwenye midomo ya mito, yaani pale pale ambapo samaki huzalia na wavuvi wadogo huvulia.

Je, pwani yetu imo hatarini? Hapa yafaa tuseme kweli, maana kutia watu hofu isiyo na msingi ni njia nyingine ya kuwafanya wasisikilize. Pwani ya Afrika Mashariki imejaliwa. Kina chake hushuka ghafla, mkondo wa bahari hupita karibu, na kusi na kaskazi huikoroga kila mwaka bila kukosa. Hatufanani na Ghuba ya Mexico, ambako Mto Mississippi humwaga mbolea ya sehemu kubwa ya Marekani kwenye maji ya kina kifupi yaliyotulia. Wenye kutishika zaidi ni jamaa zetu walioko Oman. Chini ya Bahari ya Arabuni kumekuwa na tabaka lenye oksijeni haba tangu zamani, kwa maumbile yake. Lakini mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, walichapisha matokeo ya vyombo visivyo na nahodha walivyovituma chini ya Ghuba ya Oman. Walikuta eneo kubwa kuliko nchi ya Scotland ambalo karibu halina oksijeni kabisa, na hali ilikuwa mbaya kuliko ilivyodhaniwa.

Kwetu hatari iko kwenye hori, zile ndimi za bahari zinazoingia nchi kavu, na kwenye midomo ya mito. Itazame Mombasa. Hori ya Makupa ilizibwa kwa tuta tangu enzi ya mkoloni ili magari yapite, na kwa miongo mingi maji ya upande mmoja hayakuweza kupishana na ya upande wa pili. Pembeni yake likawekwa jaa la taka la Kibarani. Mwaka 1988 mafuta yakamwagika humo yakaua mikoko mingi. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja mahali pa lile tuta, na maji yakaruhusiwa kupita tena. Sijui kama waliohudhuria sherehe walijua kwamba, mbali na kuyapitisha malori, walikuwa wanaifungulia hori njia ya kupumua. Hotuba nilizozisoma zilihusu malori.

Itazame Malindi vilevile. Mto Sabaki unaoingia baharini hapo ndio ule ule Athi uliopokea maji ya Mto Nairobi, pamoja na uchafu wa jiji lenye mamilioni ya watu. Kila msimu wa mvua bahari ya Malindi hubadilika rangi ikawa kahawia, na watalii hulalamika kwa sababu picha zao hazipendezi. Udongo unaonekana kwa macho. Kinyesi na mbolea iliyoyeyuka haionekani.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote hauko baharini. Uko Ziwa Viktoria, na nauleta hapa kwa sababu ziwa hilo limeshapita njia ambayo hori zetu zinaelekea. Mwaka 2022, kuelekea mwisho wa mwaka, samaki walikufa kwa wingi katika vizimba vya upande wa Kisumu. Watu waliokuwa wamekopa fedha kununulia vifaranga na chakula waliamka alfajiri wakakuta samaki wao wanaelea tumbo juu. Kulikuwa na shaka ya uchafu uliomwagwa. Wanasayansi wa taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, walipima wakasema chanzo ni upungufu wa oksijeni: maji ya chini ya ziwa, yasiyo na oksijeni, yalikuwa yameinuka juu. Habari ikaishia hapo. Ni upepo, ni majira, ni kazi ya Mungu.

Hapa ndipo mimi, ambaye kazi yangu ni kufundisha isimu wala si elimu ya samaki, niliposhtuka. Niliposoma taarifa za wakati ule, na nyingine nyingi kabla na baada yake, niliona kitenzi kimoja kikirudi na kurudi: maji yamechafuka. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wanajua tofauti ya kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa. Kikombe kimevunjika: hatuulizi nani, pengine kimeanguka chenyewe. Kikombe kimevunjwa: mara moja mama wa nyumba huinua macho akatazama nani yuko jikoni. Kauli ya kutendeka ni rehema ya lugha. Humwezesha mtoto kukiri kikombe hakipo bila ya kujitaja. Na Serikali, viwanda na halmashauri za miji wameigundua rehema hiyo wakaifanya maskani.

Isitoshe, kitenzi chenyewe wamekiiba kwa wavuvi. Mswahili wa pwani akisema bahari imechafuka, hana maana kwamba ina taka. Ana maana kwamba mawimbi yamepanda, upepo umevuma, chombo kisitoke. Huko kauli ya kutendeka ina haki yake, kwa sababu hakuna binadamu aliyelitenda hilo. Na la kustaajabisha ni kuwa bahari iliyochafuka kwa maana hiyo ya kale ndiyo inayopata oksijeni, kwa kuwa mawimbi huyachanganya maji na hewa. Bahari inayokufa aghalabu ni ile shwari. Neno moja, basi, limebebeshwa maana mbili zinazopingana, na katika ile ya pili mtendaji amepotea.

Wanasayansi wa KMFRI hawakusema uongo. Maji ya chini yaliinuka, na jambo hilo ni la maumbile. Swali ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha ni hili: kwa nini maji ya chini yalikuwa hayana oksijeni? Mwaka 1960 na 1961 mtafiti aitwaye Talling alilipima Ziwa Viktoria akakuta oksijeni ikishuka hadi karibu na sakafu ya ziwa kwa sehemu kubwa ya mwaka. Watafiti waliorudi miaka thelathini baadaye, akiwemo Hecky, walikuta sehemu kubwa ya sakafu hiyo haina oksijeni kwa miezi. Baina ya vipimo hivyo viwili kulikuwa na misitu iliyokatwa, mashamba yaliyofunguliwa hadi kingo za mito, miji iliyokua bila ya mifereji ya majitaka. Upepo ulioinua maji yale haukutumwa na mtu. Lakini shehena iliyokuwa inangoja chini tuliiweka sisi, mwaka baada ya mwaka. Upepo ulifungua mlango tu. Mtu akiweka petroli chumbani kisha radi ikapiga, tutasema nyumba imeungua au imeunguzwa? Nakiri kwamba zote mbili zina ukweli. Ndiyo maana nataka tujue kila moja ina ukweli kiasi gani, na njia ya kujua ni kupima.

Na hapa ndipo swali la pili la mzee wa Isiolo linapopata jibu. Yeye alitazamia nimwambie kwamba mvua zake hutoka Bahari ya Hindi, jambo ambalo ni kweli na ambalo analijua. Mto wetu Ewaso Ng'iro hauifikii bahari. Huishia kwenye kinamasi cha Lorian, isipokuwa miaka ya mafuriko makubwa. Kwa hiyo kinyesi cha ng'ombe wake hakiwadhuru wavuvi wa Kipini. Lakini Mlima Kenya, unaotuletea Ewaso kwa upande wa kaskazini, hupeleka maji yake ya mashariki na kusini Mto Tana, na Tana huingia baharini. Mbolea inayotiwa kwenye miteremko ile haiulizi kabila la anayekaa chini.

Kisha kuna barabara. Tangu mwezi wa Machi mwaka 2012, marais walipokutana Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET, Isiolo imeambiwa kwamba itakuwa jiji. Bandari Lamu, makutano Isiolo, lami hadi Moyale, bomba la mafuta, reli, mji wa mapumziko. Lami ya Moyale ilikuja, uwanja wa ndege ulikuja, na gati ya kwanza ya Lamu ilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021. Mengine bado tunayangoja, na ardhi imeshapanda bei kwa ajili yake. Maadamu tumefungwa kamba moja na Lamu, lililowapata wavuvi wa huko ni letu pia.

Wavuvi wale hawakukubali kauli ya kutendeka. Bahari ilipochimbwa ili meli kubwa zipite, matope yakatanda, mikoko ikakatwa, matumbawe yakafunikwa, wao walikwenda mahakamani wakasema: tumefanyiwa. Mwezi wa Aprili mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwakubalia. Iliamua kwamba haki yao ya mazingira safi, iliyomo katika Katiba ya mwaka 2010, imevunjwa, na ikaamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe Shilingi bilioni 1.76. Safari ya kuzipata fedha hizo ilikuwa ndefu, yenye mapatano na masharti, lakini hilo ni jambo jingine. Ninalolisisitiza ni kwamba hukumu iliwezekana kwa sababu jahazi la kuchimbia lilionekana. Kila mtu alilishuhudia. Oksijeni ikipungua katika hori, hakuna jahazi la kuonyesha kidole. Mvuvi atakwenda kwa hakimu na nini? Samaki wakifa kwa sumu kuna mzoga wa kupimwa; samaki wakihama kwa kukosa pumzi, kinachobaki ni wavu mtupu, na wavu mtupu hautoi ushahidi. Ataambiwa amevua kupita kiasi. Atalaumiwa yeye.

Hapana budi basi wavuvi wapatiwe namba. Kipimo cha oksijeni cha kushikwa mkononi si chombo cha miujiza. Wafugaji wa samaki wenye uwezo wanacho. Sheria nayo haipungukiwi na makali. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zilisema kwamba majitaka yanayomwagwa yasiwe na uozo wa kuhitaji zaidi ya miligramu 30 za oksijeni kwa kila lita, kwa kipimo cha siku tano. Mzigo huo una idadi, na mwenye kuumwaga ana jina na leseni. Tunachokosa ni mtu wa kupima upande wa pili, kule ambako mzigo unafikia, mara kwa mara na mahali pale pale, ili mwaka wa kumi tuweze kulinganisha kama tunavyolinganisha leo vipimo vya Talling.

Na matokeo yaandikwe kwa lugha inayosomeka. Niliwahi kwenda kwenye afisi moja ya umma, siitaji, kuomba taarifa kuhusu ubora wa maji ya hori fulani. Nilipewa kijitabu cha Kiingereza chenye kurasa zaidi ya mia na chati zisizo na maelezo, nikaambiwa nikirudishe kabla ya saa kumi. Nina shahada ya uzamifu, nami sikukielewa vizuri. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sijaona bado vifungu hivyo viwili vikikutana kwenye ubao wa tangazo katika bandari yoyote ya wavuvi. Kamati za usimamizi wa fuo zipo kisheria kila mahali. Zingeweza kubandika ubao: leo asubuhi, kina cha mita tano, miligramu kadhaa. Mvuvi hahitaji kujua kemia ili kuona namba inashuka kutoka sita hadi nne hadi tatu.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina madeni na njaa, na kwamba kupima pumzi ya bahari ni anasa ya mataifa tajiri. Mwezi wa Novemba mwaka 2018 tuliualika ulimwengu mzima Nairobi kuzungumzia uchumi wa majini, na tuna hata idara ya Serikali yenye jina hilo. Uchumi wa kitu usichokipima ni uchumi gani? Mfugaji wa Isiolo asiyejua kusoma huihesabu mifugo yake kila jioni inapoingia zizini. Tena maji yanaweza kufufuka. Kaskazini-magharibi mwa Bahari Nyeusi kulikuwa na eneo mfu kubwa katika miaka ya themanini. Dola ya Kisovieti ilipoanguka na wakulima wa huko wakakosa fedha za mbolea, mto Danube ulipunguziwa mzigo, na katika miaka iliyofuata viumbe vilianza kurejea. Hakuna aliyekusudia. Waliojua kwamba vimerejea, walijua kwa sababu kulikuwa na vipimo vya kabla.

Mzee wangu alinisikiliza hadi mwisho, chai yake ikapoa. Kisha akaniuliza, maji ya silanga yakifika hali ile ya kufa, mimi ningefanya nini. Nikamwambia sijui. Akasema wao humtuma kijana atazame kundi la nani lilinywa la mwisho na kama liliingizwa ndani au lilinyweshwa kutoka kingoni, kwa kuwa utaratibu ni kunywesha kutoka kingoni, na aliyeuvunja hujulikana kwa alama za kwato. Asubuhi yake wazee hukaa na mwenye kundi.